Aliambiwa Akachimbe: Msaga Unga wa Chifubu na Kiti cha Chuo Kikuu

Saa kumi na moja alfajiri umeme unarudi Chifubu, mjini Ndola. Taa ya nje ya kibanda cha kusagia inapepesa, inazimika, inapepesa tena, na kabla haijatulia Nasilele Shawa ameshasimama kwenye swichi. Anajifunga kitambaa puani. Anagonga faneli kwa kiganja kuhakikisha hakuna punje zilizokwama tangu jana, kisha anawasha. Mashine inaguna, inakohoa, halafu inashika mwendo, na kuta za matofali zinaanza kutetemeka.

Nje, ndoo za mahindi zimelala kwenye foleni. Nyingine zina jiwe juu, nyingine zina kiatu, alama ya mwenyewe aliyerudi nyumbani kusubiri. Sasa wenyewe wanatokeza mmoja mmoja wakiwa wamejitanda vitenge, kila mmoja akitaka asagiwe kwanza, maana hakuna ajuaye umeme utakaa hadi saa ngapi.

Nasilele huimba anaposaga. Wateja wanasema ndivyo wanavyojua kwamba mashine ni nzima. Leo, Jumatatu, haimbi. Kila anapofunga mfuko anajipangusa mikono, anachomoa simu, anaangalia saa, anairudisha.

"Mama Lindiwe, hii umenisagia dona au umenivunjia kokoto?" anauliza Mama Kunda, mteja wa miaka mingi, akiubinya unga kwa vidole. Mtaani humwita Nasilele kwa jina la binti yake. "Hii nikiisonga, mume wangu atadhani nimemlipizia kisasi."

Nasilele anautazama unga na kufumba macho. Amesahau kubadilisha chekeche. Anazima mashine, anaomba radhi, anafunga chekeche nyembamba na kusaga upya.

"Usijali," Mama Kunda anamwambia, sauti ikiwa imeshuka. "Kazini leo umekuja mwili tu. Akili yako imetangulia kule kwa wasomi."

Ni kweli. Saa nne asubuhi Nasilele anatakiwa ofisini kwa mkuu wa kitivo cha biashara katika chuo kikuu kimoja cha mjini. Huko ataambiwa kama nafasi yake ya kusoma shahada ya biashara, masomo ya kutwa, bado ipo, au kama imekwenda na Ijumaa iliyopita. Ikiwa imeponyoka, ni kwa sababu ya maneno machache tu yaliyosemwa kupitia tundu la kioo, na ya makofi aliyopiga yeye mwenyewe.

Nasilele ana miaka thelathini na mitano. Alizaliwa Senanga, kwa Walozi, akamaliza darasa la kumi na mbili akiwa amefaulu kila kitu isipokuwa hesabu. Bila hesabu hakuna chuo kilichomtaka. Aliolewa na dereva wa malori, Mngoni wa Chipata, Vukani Shawa, wakahamia Ndola. Mtoto alipoanza shule, Nasilele alitafuta kazi, akaipata kwenye mashine hii. Mshahara wake ni kwacha elfu moja na mia tisa kwa mwezi, na unga wa kupeleka nyumbani.

Anasema wazo la kusoma lilimjia hapo hapo kwenye faneli. Mwenye mashine alikuwa na mashine tatu, zote zikisaga tangu umeme unarudi hadi unakatika, na bado alilazimika kufunga mbili.

"Watu walikuwa wanajaa. Ndoo zinapanga foleni mpaka barabarani," anasema. "Halafu bwana anakuja kutuambia kwamba anapata hasara. Mimi nikawa najiuliza, hii pesa ikitoka mkononi mwangu inakwenda wapi? Nani anaila? Nikamuuliza yeye, naye akasema hajui. Nikaona basi, kuna somo hapa."

Alijiandikisha chuo kikuu huria, kinachowapokea watu wazima wenye kazi zao. Huko mtu huchukua kozi moja moja kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Jumamosi hukutana na mwalimu katika chumba cha shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Siku nyingine husoma mwenyewe. Kozi moja ilikula zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi, kwa hiyo alikuwa akichukua moja, anapumzika, anachukua nyingine.

Somo la pili kuchukua lilikuwa hesabu za biashara, zile zile zilizomfungia mlango akiwa msichana. Alilichagua mapema makusudi. Alisema kama ni kufukuzwa, afukuzwe kabla hajatumia fedha nyingi. Alipata alama sitini na nne. Karatasi ya matokeo aliionyesha mashine kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Anacheka anapokumbuka.

Kwa mwendo ule, angepata shahada akiwa na miaka sitini na kitu. Ndipo mwalimu wa Jumamosi alipowaambia jambo ambalo wengi darasani hawakulijua. Chuo kikuu cha kutwa humpokea mtu mzima aliyefaulu kozi nne za mwaka wa kwanza za chuo huria, hata kama cheti chake cha sekondari kina pengo. Zile kozi huhesabiwa mahali pa lile pengo. Mtu huingia kwa mlango wa mbele, akakaa darasani na wenzake kila siku, akamaliza kwa miaka minne.

Nasilele alizimaliza kozi zake nne baada ya miaka mitatu. Aliomba. Kanisa la mama mkwe wake lina mfuko wa kusomesha, na mfuko huo hulipia wanafunzi wa kutwa tu. Bi Tisauke Shawa, mama mkwe huyo, anayekaa nao, alisimama mbele ya wanawake wenzake na kumsemea. Mfuko ukakubali. Jibu la chuo likaja. Amekubaliwa, aende dirisha la udahili kuthibitisha na kuhakikiwa kozi zake, mwisho Ijumaa.

Aliazima viatu. Jumanne akaenda.

Dirisha lile ni kioo chenye tundu dogo chini, la kupitishia karatasi. Nyuma ya kioo alikuwapo karani wa makamo, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Nasilele alipitisha bahasha. Hakusema zaidi ya salamu, tena kwa sauti ambayo anakiri hata yeye hakuisikia. Karani alivaa miwani, akasoma jina kwenye karatasi ya juu: Catherine Shawa. Catherine ni jina lake la ubatizo, ndilo lililo kwenye vyeti. Hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa Nasilele, wala Senanga.

Karani alimtazama juu ya miwani. Hakutabasamu.

"Shawa," alisema. "Hapana. Jina hili halipiti hapa. Rudi Chipata ukachimbe."

Kisha akaisukuma bahasha nje ya tundu, akakunja mikono kifuani, akangoja.

Kwao Senanga mtu mwenye cheo akikupa neno, zuri au baya, unachutama kidogo na kupiga makofi mepesi. Ni adabu. Maana yake ni kwamba neno limepokelewa. Nasilele alichutama, akapiga makofi, akachukua bahasha yake, akaondoka. Alikuwa amefika getini ndipo akagundua kwamba bado anapiga makofi.

"Sikuwa na hasira hata kidogo," anasema. "Nilisikia halipiti. Nilisikia ukachimbe. Nikasema moyoni, wamejua. Wameangalia zile kozi zangu za Jumamosi wakaona huyu ni mtu wa jembe, anataka kujipenyeza kwa watoto wa watu."

Hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, na simu yake ilikuwa haipatikani. Mama mkwe ndiye alikuwa nyumbani, na huyo ndiye aliyemwogopa zaidi, kwa sababu Bi Tisauke alikuwa ameshatangaza. Kanisani wanawake walikuwa wamechanga na kumnunulia mkwe wake mkoba wa kubebea vitabu. Mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye msumari sebuleni, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa.

Jumatano aliulizwa kama amepewa kitambulisho. Akasema bado. Alhamisi akaulizwa tena, akasema wanashughulikia. Sahani yake ya nshima, ugali wa kwao, ilikuwa ikirudi jikoni kama ilivyotoka. Lindiwe, mwenye miaka tisa, alimuuliza bibi yake kama mama anaumwa.

Ijumaa asubuhi Bi Tisauke alifika kwenye mashine bila ndoo. Alikaa juu ya gunia, akaweka fimbo yake katikati ya magoti, akatulia. Nasilele aliendelea kusaga. Mashine ikiwa inanguruma hakuna mazungumzo, na alikuwa anaitegemea. Karibu na adhuhuri umeme ukakatika. Mkanda ulizunguka ukichoka, ukasimama, kibanda kikawa kimya.

"Haya," alisema Bi Tisauke. "Mtetezi wako amenyamaza. Sasa sema wewe."

Nasilele alisema yote, macho yakiwa sakafuni. Alisema wamemkataa, alisema anaomba msamaha kwa aibu ya kanisani, alisema mkoba utarudishwa. Bi Tisauke alimwacha amalize.

"Umenipa ya kwako," alisema. "Sasa nipe ya huyo karani. Maneno yake, kama alivyoyatema."

"Alisema jina hili halipiti hapa."

"Akaongeza nini?"

"Rudi Chipata ukachimbe."

"Ukachimbe nini?"

"Hakusema, mama. Ukachimbe tu."

Bi Tisauke aliinama juu ya fimbo yake, mabega yakaanza kutikisika. Nasilele alidhani analia, akapiga magoti mbele yake. Kumbe mama mkwe alikuwa anacheka hadi machozi.

"Panya, mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Ukachimbe panya. Huyo ni Mbemba. Huyo ni mtani wangu, mjinga mkubwa, na hakukufukuza. Alikuwa anakusalimia."

Wabemba na Wangoni walipigana zamani za mababu, wakaishia kuwa watani. Mngoni ni mla panya, na panya huchimbwa shimoni. Mbemba ni mla nyani. Huambiana hivyo sokoni, ofisini na hata mazishini, na fundi wa utani ni yule asiyetabasamu. Nasilele alikuwa anayajua haya yote. Amemsikia mumewe akitukanana na majirani hadi anakaukiwa sauti. Lakini yeye mwenyewe hajawahi kutupiwa neno hata moja. Akifungua mdomo tu, kila mtu Chifubu husikia kwamba ni Mlozi, na watani wa Mlozi ni Watonga. Pale dirishani hakufungua mdomo. Karani alimwona Shawa, hakumsikia Nasilele.

"Nilisahau kwamba jina nililoolewa nalo lina watani wake," anasema.

Kicheko cha Bi Tisauke kilikatika ghafla. Aliuliza leo ni siku gani, ingawa alijua. Nasilele alikuwa tayari anafungua kamba ya aproni.

Mwenye mashine aliwapeleka kwa pikapu yake, Nasilele nyuma pamoja na magunia, bahasha akiwa ameificha ndani ya blauzi isipate vumbi. Hakupata nafasi ya kuoga. Walipofika dirishani alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kope, na vijana waliokuwa kwenye foleni walimpisha, labda kwa heshima, labda wakihofia nguo zao.

Bi Tisauke aligonga kioo kwa fimbo. "Ni nani humu aliyemwambia mkwe wangu akachimbe?"

Karani, anayeitwa Bwana Kapembwa, aliinua kichwa na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyepata mwenzake baada ya siku ndefu. "Ni mimi, bibi. Kwani panya wamekwisha?"

"Panya wapo, tena wanono. Tunawafuga tuje kuwauzia ninyi, maana mmemaliza nyani wote porini na sasa nasikia mmeanza kutazamana wenyewe kwa wenyewe."

Foleni nzima iliangua kicheko. Bwana Kapembwa alikuwa ameshafungua mdomo kujibu, ndipo Bi Tisauke alipoinua mkono.

"Ngoja, mtani. Huyu si Mngoni. Huyu ni Mlozi, mke wa mwanangu. Alikuamini."

Walioshuhudia wanasema karani alivua miwani na kuiacha ining'inie kifuani.

"Lakini alinipigia makofi," alisema. "Nilimtania, naye akanipigia makofi. Nikajua ananikejeli. Nikasema moyoni, huyu ni Mngoni kamili, hata mdomo wake ananinyima. Jioni nilimsimulia mke wangu."

Miongoni mwa watani, utani ukimdhuru mtu, aliyetania ndiye hubeba mzigo. Bwana Kapembwa alivaa koti, akawaomba wenye foleni wamsamehe, akafunga dirisha na kutangulia mbele kwenda kitivo cha biashara. Alitembea haraka kiasi kwamba Bi Tisauke ilibidi amwite mara mbili. Kozi za Nasilele zilihakikiwa pale pale na kugongwa muhuri. Hakukuwa na kasoro yoyote. Tatizo lilikuwa moja: kitivo kilikuwa kimefunga majina adhuhuri ile, na nafasi ambazo hazikuthibitishwa zilihesabiwa kuwa wazi kwa walioko kwenye orodha ya akiba. Mkuu wa kitivo alikuwa safarini. Angerudi Jumatatu, na saa nne ndipo angesema.

Karani alieleza kosa lake mbele ya katibu wa kitivo bila kuulizwa, akaliandika na kutia sahihi.

Jumamosi na Jumapili zilikuwa ndefu. Mweka hazina wa kanisa alipita baada ya ibada kuuliza kwa upole kama mambo yamekamilika, kwa sababu kuna kijana mwingine, yatima, anayengoja mfuko huo huo, na mfuko unatosha mtu mmoja. Hakusema zaidi. Nasilele anasema usiku ule alimfikiria sana kijana huyo asiyemjua. Alijiuliza kama pengine yule kijana ndiye aliyepangiwa, na kwamba Bwana Kapembwa alikuwa ametumwa tu.

"Mama mkwe akaniambia, ukianza kuona malaika kwenye miwani ya yule mla nyani, nitajua umechanganyikiwa kweli."

Sasa ni saa tatu. Umeme bado upo, foleni bado ni ndefu, lakini Nasilele anamkabidhi mwenzake swichi na kwenda kuoga. Safari hii anaoga mara mbili. Bado unga umebaki kwenye kope. Bi Tisauke, aliyevaa sare ya kanisa ingawa ni Jumatatu, anajaribu kuutoa kwa ncha ya kitenge, kisha anakata tamaa na kusema uachwe, ni cheti cha kazi.

Wanakwenda kwa miguu. Njiani Nasilele anarudia kwa sauti ya chini kanuni ya kutafuta gharama ya wastani, kama mtu anayesali. Mara mbili anasimama kuhakikisha bahasha ipo.

Bwana Kapembwa anawangoja nje ya ofisi, amekalia ukingo wa benchi. Anasimama. Leo hana utani. Anamsalimia Bi Tisauke kwa mikono miwili, na Bi Tisauke naye, kwa mara ya kwanza, anamjibu kwa heshima.

Jina lililo mlangoni ni la Kitonga, Dk. Hamoonga. Bi Tisauke analisoma, analirudia, anamvuta mkwe wake sikio.

"Huyu ni mtani wako wa damu. Ingia umwambie ng'ombe wake wote mliwala zamani, alichobaki nacho ni kamba."

"Mama, nakuomba," anasema Nasilele. "Leo sitaki utani na mtu yeyote mwenye muhuri."

Nasilele anaingia, mlango unafungwa. Bi Tisauke anakaa. Anasimama. Anamuuliza karani kama mkuu huyo ni mkali, naye anasema ni wa haki. Bi Tisauke anasema hakuuliza hilo.

Yaliyosemwa ndani yanasimuliwa na Nasilele na mkuu wa kitivo kwa namna inayofanana. Dk. Hamoonga alipitia kozi zote nne, akauliza hesabu alizisomea wapi. Nasilele akasema kwenye shule ya msingi, siku za Jumamosi, na nyingine kwenye gunia la mahindi umeme ukikatika. Kisha mkuu akaisoma barua ya karani, akaiweka mezani.

"Alipokuambia hupiti," aliuliza, "kwa nini hukumuuliza sababu?"

Nasilele anasema alikuwa ameandaa majibu ya mambo mengi, hilo halikuwamo.

"Kwa sababu jibu lile nilikuwa nalingoja," alisema. "Tangu siku ya kwanza chuo huria. Kila nikifaulu kozi nasema, sawa, watanikatalia mbele. Yule bwana aliposema hapana, nilisikia kama amechelewa tu."

Dk. Hamoonga alichukua kalamu. Alipozungumza alikuwa anaandika. Alimwambia kwamba kozi za chuo huria ni kozi kamili, na hakuna mtu kitivoni anayezihesabu kuwa nusu isipokuwa yeye mwenye nazo. Alimwambia nafasi ataifungua, kwa sababu kosa ni la dirisha lao. Lakini kuna sharti, lile lile la wote wanaoingia kwa njia hii. Muhula wa kwanza afaulu masomo yote. Akifeli hata moja, atatoka. Na wasomao kutwa hawaruhusiwi kuwa na ajira ya siku za kazi.

"Umeelewa?" aliuliza.

Mikono ya Nasilele ilikuwa imeanza kukutana ili ipige makofi. Aliishusha kwenye magoti.

"Nina swali," alisema. "Nikifeli nikatoka, zile kozi zangu nne zinabaki kuwa zangu?"

Mkuu wa kitivo aliacha kuandika. "Zinabaki," alisema. "Hizo ulishazila. Hakuna atakayekutapisha."

Nasilele anapotoka, Bi Tisauke anamtazama usoni na kushindwa kuusoma. Uso hauna furaha wala huzuni, ni wa mtu anayefanya hesabu kichwani. Inabidi aulizwe mara mbili.

"Wamenichukua," anasema. "Masomo yanaanza leo saa nane."

Bi Tisauke anakaa tena kwenye benchi, polepole, na kufunika uso kwa kitenge. Bwana Kapembwa anageukia ukutani na kusoma tangazo la mwaka jana kwa makini sana.

Hesabu anayoifanya Nasilele ni ngumu. Mwenye mashine amekubali afanye kazi Jumamosi tu, kwa hiyo mshahara utashuka hadi chini ya robo. Mumewe alipopatikana kwenye simu jana jioni alisema atachukua safari za Congo zaidi, zile zenye foleni ndefu na malipo mazuri, na maana yake ni kumwona mara chache. Bi Tisauke atapika na kumpeleka Lindiwe shule. Masomo ni matano, na la takwimu linaogopwa hata na waliotoka sekondari mwaka jana.

Akivuka salama, anataka mashine moja, ya kwake, inayokwenda kwa umeme wa jua, hapo hapo Chifubu. Ameshaulizia bei ya paneli kwa wauzaji wawili, na wote wawili walimwuliza mume wake yuko wapi. Anataka kinamama walete ndoo asubuhi, wasagiwe, waondoke, ndoo zisilale nje tena zikiwa na viatu juu yake. Na anataka ajue, kwacha kwa kwacha, pesa ikitoka mkononi mwake inakwenda wapi.

Kwa sasa kiu yake ni kupata mahali pa kukaa. Ukumbi wa saa nane ni mkubwa, wa ngazi, na vijana wameanza kuingia wakicheka, simu mikononi. Bi Tisauke anamvisha mkoba begani, anaunyoosha mkanda, anaunyoosha tena. Kisha anaondoka bila kuaga, kwa sababu hataki kuonekana.

Nasilele anasimama mlangoni. Unga bado uko kwenye kope.

"Naogopa," anasema. "Usiandike kwamba siogopi. Naogopa takwimu, naogopa hawa watoto, naogopa ule mwezi wa mtihani. Lakini miaka yote hii nimekuwa naogopa nikiwa nje."

Anachagua kiti cha mbele, karibu na ubao, na kukikalia.

"Leo angalau naogopa nikiwa ndani."